Maandishi Ndani ya Negativu: Skana, Picha za Zamani za Arusha na Meru, na Kazi ya Mwanaisimu



Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana kama imepotea njia. Kuhamisha picha kutoka kwenye negativu na slaidi na kuziingiza katika kompyuta kwa kutumia skana ni kazi ambayo watu wengi wangemwachia fundi wa studio, mkutubi, au kijana wa duka la steshenari. Mwanaisimu anatafuta nini kwenye kioo cha skana? Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba ana mengi ya kutafuta, na kwamba asiposhirikishwa tangu kazi inapoanza, sehemu kubwa ya matini ya Kiswahili iliyomo katika picha hizo itakatwa, itageuzwa kinyume au itafifia, bila mtu yeyote kukusudia hivyo. Mifano itachukuliwa Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, kwa kuwa huko historia ya picha, historia ya ardhi na historia ya majina zimefungamana kiasi kwamba ni vigumu kuigusa moja bila kuzigusa nyingine.

Makasha na hali yake

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, mtu aliyepigwa picha studio au nyumbani alibaki na vitu viwili: karatasi, ambayo aliibandika kwenye albamu au kuwagawia jamaa, na negativu, ambayo fundi aliirudisha ndani ya bahasha. Karatasi ilitazamwa, negativu iliishia mvunguni au juu ya kabati. Waliopiga slaidi walikuwa watu wa aina nyingine kidogo: wamisionari, walimu, madaktari, wataalamu wa kilimo na wanyamapori, pamoja na walowezi wa mashamba ya kahawa. Hao walizipanga slaidi zao katika visanduku, kila moja ikiwa ndani ya fremu ya karatasi ngumu au plastiki yenye upana wa sentimita tano, na mara nyingi waliandika neno moja au mawili ukingoni kwa kalamu.

Vyombo vya kutazamia vitu hivyo vimetoweka kabla ya vitu vyenyewe. Projekta za slaidi zimekuwa adimu na balbu zake ni adimu zaidi. Filamu ya Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, iliacha kutengenezwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, huko Kansas nchini Marekani, ilipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Filamu nayo haidumu milele. Ile iliyotengenezwa kwa asetati huvunjika kikemikali ikikaa penye joto na unyevu. Hutoa harufu ya siki, hujikunja, kisha utando wake hubanduka. Utando huo umeshikiliwa na gelatini, kitu kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na ukungu huila kama unavyokula chakula kingine chochote. Arusha, iliyo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina nafuu kuliko Tanga au Unguja. Hata hivyo, masika ya Machi hadi Mei huleta unyevu wa kutosha kuotesha ukungu, na kiangazi huleta vumbi la udongo wa volkano, jepesi kama unga, ambalo hupenya hata kabati lililofungwa.

Si picha zote za Meru zilizobaki Meru. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inahifadhi hazina ya picha za Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, takriban 55,000, zikiwamo slaidi za kioo zilizoonyeshwa katika mihadhara ya kuwavuta Wajerumani wapende makoloni. Picha za Misioni ya Leipzig, ambayo wamisionari wake wawili wa kwanza Meru, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896, zimeingizwa katika hazina ya picha za kimisioni iliyo kwenye Chuo Kikuu cha Southern California. Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani ilitoa kwa umma, kupitia intaneti, maelfu ya picha, na miongoni mwake zimo za Walther Dobbertin, aliyepiga picha Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kisha iko Tengeru. Kuanzia mwaka 1942 wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi hapo chini ya Mlima Meru, na kambi ilipovunjwa waliondoka na albamu zao kwenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Makaburi yao yamebaki Tengeru. Picha zao zimetawanyika.

Jambo moja linaziunganisha hazina hizo zote: maelezo yake yaliandikwa kwa Kijerumani, Kipolandi au Kiingereza. Kiswahili, lugha ambayo aghalabu ndiyo iliyosemwa kati ya mpiga picha na aliyepigwa, kilikuwapo wakati kamera inabonyezwa, lakini hakikuandikwa. Ndiyo maana makasha yaliyobaki majumbani ni muhimu kwa namna ya pekee. Arusha si mji mgeni katika uhifadhi wa kumbukumbu: nyaraka za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kufungwa mwaka 2015, zinatunzwa Lakilaki katika jengo lililojengwa mahsusi. Kasha la mvunguni halina jengo, wala bajeti, wala mlinzi.

Kioo, taa na jina la khanga

Skana bapa ni sanduku lenye kioo na mfuniko. Chini ya kioo kuna taa na safu ya vihisio vinavyosafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine, vikisoma mstari mmoja baada ya mwingine. Kwa karatasi, taa humulika kutoka chini na vihisio hupokea nuru inayorudi. Negativu na slaidi hazisomeki hivyo, kwani picha yake huonekana pale tu nuru inapoipenya. Kwa sababu hiyo skana ya kawaida ya ofisini, hata iwe ya bei kubwa, hutoa slaidi ikiwa kiza kitupu. Inayohitajika ni skana yenye taa ya pili ndani ya mfuniko, pamoja na vishikio vya plastiki vinavyoinyoosha filamu na kuiinua kidogo isigusane na kioo, maana zikigusana huzuka miduara ya rangi kama ile ya mafuta juu ya maji.

Swali la kwanza analouliza kila anayeanza ni: nukta ngapi kwa inchi? Jibu hutolewa kwa kawaida kwa kuzingatia ukubwa wa karatasi itakayochapwa. Mwanaisimu ana kipimo kingine. Fremu ya filamu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Ikitambazwa kwa nukta 300 kwa inchi, kama ilivyo desturi kwa vyeti na barua, itatoa picha ya nukta 283 kwa 425, yaani picha ya kutambulisha tu. Kwa nukta 2,400 kwa inchi itatoa 2,268 kwa 3,402, ambazo ni kama nukta milioni 7.7.

Sasa na ichukuliwe slaidi ya mwanamke aliyesimama sokoni, amejifunga khanga, naye amejaza theluthi moja ya kimo cha fremu, yaani milimita 8. Ikiwa kimo chake halisi ni sentimita 160, filamu imempunguza mara 200. Herufi za jina la khanga zenye kimo cha sentimita 4 zitakuwa na kimo cha milimita 0.2 tu juu ya filamu. Kwa nukta 300 kwa inchi, kila herufi itapata nukta mbili hivi kwenda juu, na hakuna alfabeti iwezayo kuandikwa kwa nukta mbili. Kwa nukta 1,200 itapata tisa. Kwa 2,400 itapata kama kumi na tisa, na hapo, ikiwa lenzi ya kamera ilikuwa nzuri na mkono haukutikisika, jina litasomeka. Tofauti kati ya kazi ya haraka na kazi ya makini, katika mfano huu, ni matini nzima ya Kiswahili: ipo au haipo. Ni kweli kwamba watengenezaji hutangaza nukta 4,800, 6,400 na hata zaidi. Lenzi za skana bapa za bei ya kawaida hazifikii ahadi hizo. Kinachoongezeka kupita kiwango fulani ni uzito wa faili, si herufi.

Jina la khanga lina faida nyingine. Filamu ina pande mbili: upande unaong'aa, na upande wa dawa ambao haung'ai. Ikilazwa kinyume, picha itatoka imegeuka kama ya kwenye kioo cha kujitazamia, na katika mandhari ya mlima au mti hakuna atakayegundua. Vitabu vimechapishwa vikiwa na milima iliyogeuzwa, na wasomaji wake wakaviamini. Lakini khanga na kibao cha duka husema kweli mara moja, kwa sababu herufi hukataa kugeuzwa. Aidha, maandishi hayo husaidia kukadiria miaka. Khanga za mwanzo zilizokuwa na majina ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, za baadaye kwa herufi za Kirumi. Nayo khanga yenye alama ya kiwanda cha Urafiki haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1968, kilipofunguliwa kiwanda hicho Dar es Salaam.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea pembeni. Kishikio cha plastiki hufunika kingo za mkanda, na programu ya skana, ikijiona imefanya hisani, hukata kila kilicho nje ya picha. Kwenye kingo hizo ndiko kuliko na namba za fremu, jina la filamu, na wakati mwingine mikwaruzo ya fundi aliyeandika jina la mteja kwa ncha ya sindano. Fremu ya karatasi ya slaidi ndiyo yenye maandishi ya kalamu na, katika slaidi nyingi za Kodachrome, mhuri wa mwezi na mwaka. Mhuri huo nao unahitaji tahadhari. Unaonyesha tarehe ya kusafishwa, si ya kupigwa. Na kwa kuwa filamu hiyo haikuweza kusafishwa katika studio za kawaida, iliyopigwa Arusha ilitumwa ng'ambo kwa posta. Sherehe ya Desemba yaweza kubeba mhuri wa Machi.

Njia inayofaa, basi, ni kutambaza mara mbili. Kwanza slaidi zilazwe juu ya kioo zikiwa na fremu zake, taa ya mfuniko ikiwa imezimwa, zisomwe kama karatasi, mbele na nyuma. Kisha ndipo zitambazwe kwa taa ya juu. Negativu nazo zipigwe kwanza mkanda mzima pamoja na kingo zake, halafu fremu moja moja. Kazi huongezeka, wala hakuna haja ya kuficha hilo. Kasha la slaidi mia tatu laweza kula wiki mbili za mtu mmoja, hasa kama umeme unakatika.

Kuhusu vumbi, linalofaa ni brashi laini na pampu ya mpira ya kupulizia, si kitambaa wala pumzi ya mdomo. Skana nyingi zina mwali wa infraredi unaotambua vumbi na kulifuta katika filamu za rangi. Katika negativu za kawaida za rangi nyeusi na nyeupe mwali huo haufai, kwa sababu fedha iliyomo katika utando huuzuia, na mashine huiona picha yenyewe kuwa uchafu. Zipo pia programu zinazofuta vumbi kwa kukisia tu. Hizo zisitumiwe kwenye faili asilia. Programu haijui tofauti kati ya chembe ya vumbi na nukta ya herufi i.

Fundi alisemaje?

Yafaa kutua hapa kidogo na kuyatazama maneno yenyewe, maana kazi hii ina msamiati wake wa Kiswahili ulio mkongwe kuliko inavyodhaniwa, ingawa si wote ulioingia katika kamusi.

Kiswahili cha zamani kilitumia sanamu kwa maana iliyojumuisha picha. Neno picha lilipoingia, likapata kitenzi chake kutoka ndani ya lugha: mtu hupiga picha kama apigavyo pasi, deki, simu na mswaki, na hakuna kinachoumia. Wasafishaji wa filamu hawakungoja kamati. Utepe wa filamu waliuita mkanda. Kemikali zote ziliitwa dawa. Kazi yote ya chumba cha giza, ambayo kwa hakika ni mfululizo wa michakato kadhaa, waliiita kusafisha, kwa kuwa mteja aliona karatasi zikitoka majini. Neno hilo limeishi kuliko maji yenyewe. Kijana mwenye picha ndani ya simu, ambaye hajawahi kuona filamu maishani mwake, huingia dukani akasema anataka kuisafisha, naye hupewa karatasi iliyochapwa na mashine kavu. Mwanafunzi wa semantiki akitafuta mfano wa maana iliyoachwa na kitu chake, asiende mbali.

Kwa negativu, wapo waliopendekeza hasi, neno lililokwisha kuzoeleka katika hisabati likiwa pamoja na chanya. Kimfumo pendekezo hilo lina mantiki. Lakini kitenzi kuhasi kina kazi yake katika nchi ya wafugaji, na mzee wa Kiarusha akiombwa alete hasi zake ana haki ya kucheka. Mafundi walisema negativu, au negetivu, na neno hilo halijamtatiza mtu.

Kwa kazi ya skana yapo maneno mawili yanayoshindana. Madukani husemwa kuskani. Waandishi wengi hupendelea kutambaza, na mhadhara huu umelifuata neno hilo kwa sababu linaeleza kitu kinachoonekana kwa macho: taa inatambaa chini ya kioo. Mkosoaji wa sarufi anaweza kulalamika kwamba kinachotambaa ni taa, ilhali kitenzi kinaifanya picha kuwa ndiyo inayotambazwa. Malalamiko hayo ni ya haki, na hayatazuia chochote, kama ambavyo hakuna aliyezuia kupiga simu. Historia ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi imekwisha kuonyesha kwamba neno hushinda kwa miguu ya watu. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, ulifanya vyema pale ulipochukua maneno yaliyokwisha kuwa kazini, kama vile faili na hifadhi.

Jozi moja ya maneno inastahili kupingwa. Ofisini hati iliyotolewa kwa mashine huitwa nakala kivuli, na ile ya kompyuta huitwa nakala laini ikilinganishwa na nakala ngumu. Vivumishi hivi vimetafsiriwa neno kwa neno, na vinaficha hatari. Negativu ya mwaka 1967 husomeka kwa kuinuliwa tu kuelekea dirishani. Faili lililowekwa kwenye disketi mwaka 1997 linahitaji chombo ambacho maduka ya Arusha hayakiuzi tena. Asili isitupwe kwa sababu nakala imepatikana. Irudishwe katika bahasha ya karatasi isiyo na tindikali, mahali pakavu na penye ubaridi, na mafaili yawekwe katika diski mbili zisizolala nyumba moja.

Maelezo

Idara ya Habari ya serikali ya Tanzania, yenye hazina kubwa ya picha za taifa, ilijulikana kwa wananchi kwa jina la MAELEZO. Hakuna jina lingeweza kufaa zaidi, kwa sababu picha isiyo na maelezo huwa mali ya yeyote atakayeitungia maelezo.

Ugumu huanza na majina ya mahali. Slaidi imeandikwa “Meru, 1958”. Je, ni Meru ya Tanzania au Meru ya Kenya, chini ya Mlima Kenya? Na ikiwa ni ya Tanzania, ni mlima, ni wilaya au ni watu? Nyingine imeandikwa “Arusha”, na picha inaonyesha tambarare lenye joto. Yaelekea ni Arusha Chini, kusini mwa Moshi, si mji ulio chini ya Meru. “Nanyuki” yaweza kuwa mji wa Kenya, au kifupisho cha Engare Nanyuki, kwani majina yote mawili yametoka katika neno la Kimaasai lenye maana ya wekundu. Hiyo Engare Nanyuki, maji mekundu, huandikwa pia Ngarenanyuki, na kompyuta huiona kuwa mahali pawili. “Mnara, Arusha” yaweza kuwa mnara wa saa au mnara wa Azimio. Usa, kituo mashuhuri kwenye barabara ya Moshi, ikipangwa na mashine isiyo na mwenyeji itaishia Marekani. Wakati mwingine, hata hivyo, jina husaidia: Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, hivyo anayesema “Hifadhi ya Ngurdoto” ameacha alama ya wakati wake.

Baada ya majina huja vitenzi, na hapa suala si la usahihi tu. Novemba 1951 serikali ya Uingereza, iliyotawala Tanganyika chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, iliwatoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili igawiwe walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, aliwasilisha shauri la Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Mtu aliyeketi leo mbele ya skana na negativu ya watu wenye mizigo njiani lazima aandike kitenzi. Akiandika “Wameru wakihama Engare Nanyuki”, amewapa watu hao hiari ambayo hawakuwa nayo. “Wakihamishwa” imeingiza mtendaji, lakini kwa upole wa ofisini. Mtumishi wa serikali naye huhamishwa, na hulipwa posho. “Wakiondoshwa” ni nzito zaidi. “Wakifukuzwa” ndivyo wengi wa waliofukuzwa wangesema. Kauli za vitenzi zinazofundishwa darasani kama majedwali ndizo zinazoamua hapa nani alitenda na nani alitendwa. Vivyo hivyo kwa “nyumba zilizoungua” na “nyumba zilizochomwa”. Mtayarishaji wa katalogi anayedhani kwamba ametumia lugha isiyoegemea upande wowote kwa kuandika “zilizoungua” ameegemea, tena sana.

Maandishi ya zamani yasisahihishwe. Hili ni kanuni ya mhariri wa miswada, nayo inafaa hapa bila kubadilishwa. Katalogi iwe na safu mbili tofauti: ya maandishi asilia, yaliyonakiliwa herufi kwa herufi pamoja na makosa, matusi na lugha yake; na ya maelezo mapya kwa Kiswahili, pamoja na jina la mwandishi na tarehe. Slaidi za kikoloni ziliwapanga watu kwa aina: “mwanamke wa Kimeru”, “mpiganaji wa Kiarusha”. Neno hilo la kikoloni ni ushahidi wa mkoloni, nalo libaki. Lakini Kiswahili humuuliza mtu swali lingine: huyu ni nani, mtoto wa nani, wa wapi? Maswali hayo hayajibiwi maktabani. Hujibiwa pale picha inapowekwa kwenye skrini, negativu ikiwa imekwisha kugeuzwa kuwa nuru na kivuli vya kawaida, mbele ya wazee wa Akeri, Nkoaranga au Leguruki, kinasa sauti kikiwa mezani.

Na wasilazimishwe kusema Kiswahili kwanza. Mzee wa Kimeru atamtaja mtu kwa Kimeru, wa Kiarusha kwa Kimaasai, kwa jina la rika au la ukoo ambalo halina kisawe. Jina hilo liandikwe lilivyo, kisha lifafanuliwe kwa Kiswahili. Wapo wanaoona kwamba hivyo ni kukipunguzia Kiswahili nafasi yake. Kinyume chake, hiyo ndiyo kazi ambayo Kiswahili kimeifanya Arusha kwa zaidi ya karne moja, ya kuwa mahali pa kukutania lugha nyingine bila kuzifuta. Vilevile mzee ana haki ya kusema kwamba picha fulani isionyeshwe. Waliopigwa picha wakiwa watoto, wakiwa wagonjwa au wakiwa uchi mbele ya kamera ya mgeni hawakuulizwa. Jamaa zao na waulizwe sasa.

Itabaki idadi kubwa ya nyuso ambazo hakuna aliyezitaja. Katalogi nyingi huandika “mtu asiyejulikana”. Hajulikani na nani? Mwanamke aliyesimama mbele ya jengo la boma alijulikana vyema na mumewe, na watoto wake, na aliyemuuzia khanga. Kiswahili kina ukanushi wa aina nyingine, wenye mofimu -ja-, unaokana jambo huku ukiacha mlango wazi: hajafika, hajala, hajatambuliwa. Katika safu ya majina iandikwe “hajatambuliwa”. Mbele yake iandikwe tarehe, na kijiji ambako picha ilionyeshwa, ili atakayelifungua faili baadaye ajue ni wazee wa wapi ambao hawajaulizwa.